Boriti ya Nyumba ya Washirika

Imepokewa kutoka kwa wazee wa mji wa Wasit kwamba palikuwa na mchambua pamba mmoja, mcha Mungu, aitwaye Shuraih bin Nadhir, Allah amrehemu. Alinunua nyumba ya kupangisha kwa ushirika na kaka yake Mutarrif na rafiki yao Hudhail. Mutarrif alitia humo mali aliyowawekea binti zake. Hudhail aliuza bustani yake ya mitende, na asingeiuza lau Shuraih asingemwambia, "Ingia nasi, kuna kheri." Funguo alikabidhiwa Shuraih, kwani wote walimwamini.

Nyumba ikakaa tupu tangu mavuno, na nyuso za washirika zikaanza kukunjamana. Ndipo Umm Labid, mwalimu wa Qur'ani, akatuma habari kwamba anautaka ukumbi wa juu awasomeshee mabinti wa mtaa. Asubuhi ya siku ya kumpokea, Shuraih alipanda kufagia, akaona unga mwembamba sakafuni. Akainua macho. Boriti kubwa ya dari ilikuwa imeingiwa na mchwa. Aliigonga kwa mpini wa fagio, ikalia kama kibuyu kitupu.

Akawaita wenzake.

"Imesimama tangu enzi za babu zetu," akasema Mutarrif. "Ipake chokaa. Tukipata kodi tutaitengeneza."

"Na ikianguka kabla, kaka?"

"Na tukimkosa mpangaji? Binti zangu nitawaambia nini?"

Hudhail alisema kwa sauti ndogo, "Bustani yangu, Shuraih."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote. Aliswali Adhuhuri asijue amesoma sura gani. Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, aliiambia nafsi yake, na huyu nilimwingiza mimi. Je, nina haki ya kuwatia hasara? Kisha akawafikiria wale mabinti wakiyumbayumba kwa kisomo chini ya boriti ile.

Umm Labid alipofika aliutazama ukumbi, akaupenda. Mutarrif akamkazia nduguye macho. Shuraih, jasho likimtiririka, akasema, "Bibi, usisogee zaidi. Boriti iliyo juu yako imeoza."

"Allah akulipe," akajibu yule bibi. Akateremka ngazi, akaenda kupanga kwingine.

"Umewapendelea watoto wa watu kuliko wa nduguyo," Mutarrif akamwambia. Tangu hapo akawa anamwitikia salamu bila kumtazama.

Kila baada ya Alasiri Shuraih alipanda peke yake kuibomoa dari, huku moyo ukimdunda kwa hofu kwamba huenda amekosea, huenda boriti ni nzima ndani, na amewavunjia wenzake riziki bure. Hatimaye Hudhail akaja kumsaidia kimyakimya. Siku ya kuishusha, Mutarrif naye alikuja, akasimama mlangoni. Walipoifunga kamba na kuivuta, boriti ilikatika katikati kama mkate mkavu, nusu yake ikapiga sakafu pale ambapo mwalimu angetandika mkeka.

Mutarrif aliokota kipande, akakifikicha kikawa vumbi kiganjani. Akaketi chini.

"Ningempa yule mwalimu funguo nikimwombea baraka," alisema, akalia.

Nyumba ilikaa msimu mzima bila mpangaji, na dhiki ikawagusa wote. Hudhail alibeba mizigo sokoni, na harusi ya binti wa Mutarrif ikaahirishwa. Umm Labid hakurudi, kwani alikwisha kupata mahali. Lakini kila aliyemuuliza nyumba ya kupanga, alimwelekeza kwa Shuraih, akisema, "Huyo atakuonyesha ubovu kabla ya uzuri." Dari mpya ilipokamilika, vyumba vyote vikapata watu.

Enyi ndugu, yuko mtu anayeogopa kumhini mshirika wake, na hilo ni jema, kisha akamsahau mpangaji, ambaye hakutia mali katika nyumba lakini ndiye atakayelala chini ya dari yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli hata ulimi unapotetemeka.