Kiapo cha Mkia

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Hadithi ikija, ije na nani?"

"Ije na mashahidi."

"Na asiyefika?"

"Kahukumiwa."

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Pimbi alikabidhiwa hati ya wito. Aliyeileta ni Kanga, karani wa mahakama. Hati ilisema Chui anamdai Pimbi madebe matatu ya mtama. Mtama ulikopwa kwa Nungu, na Chui amelinunua deni hilo. Pimbi asipojibu kwa maandishi ndani ya siku saba, pango lake litakuwa la Chui. Ndani ya pango mlikuwa na mkewe na watoto watano.

Pimbi akasoma. Akasoma tena. Mara ya tatu akageuka, akatazama nyuma yake.

Majirani wakaja na ushauri. Digidigi, aliyenyang'anywa kichaka chake kwa hati kama hiyo, alisema, "Usijibu, ndugu yangu. Ukijibu umekiri."

"Wewe ulijibu?"

"Sikujibu."

"Na kichaka kiko wapi?"

Digidigi akatazama kwato zake.

Pimbi akaandika mstari mmoja: *Nakana dai, mdai athibitishe kila neno.* Akashuka mwambani, piti piti piti, akafika kwa Kanga siku ya sita. Mhuri ukalia, gwa.

Siku moja kabla ya kesi, Chui akapita chini ya mwamba.

"Pimbi, mdogo wangu, mbona tunasumbuana? Kesho usije. Kesi nitaifuta mwenyewe."

"Nashukuru, Bwana Chui. Nitakuja kukutazama ukiifuta."

Kesho yake Pimbi alikuwa wa kwanza mahakamani. Akakaa, mgongo ukutani. Chui alikuwa ameshinda kesi kumi na moja bila kuulizwa swali hata moja, maana wadaiwa hawakufika. Alipomwona Pimbi, alijikwaa kizingitini.

Hakimu Tandala akamwambia asome dai. Chui akasoma maneno yaleyale aliyoyasoma katika kesi ya Digidigi, jina tu limebadilishwa: "Mdaiwa alishika mkia wake mbele yangu, akaapa kulipa, kama ilivyo desturi yetu."

Pimbi akaomba kuuliza.

"Bwana Chui, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulimwona mdaiwa akishika mkia?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

"Mkia wangu mimi?"

"Wa nani tena, pimbi wewe?"

"Ulikuwaje?"

"Mrefu. Una manyoya. Uliushika kwa mkono wa kulia."

"Karani, umeandika?"

"Nimeandika," akasema Kanga. "Mrefu, una manyoya."

Pimbi akasimama, akageuka, akamwonyesha hakimu matako. Hapakuwa na mkia. Tangu dunia iumbwe, pimbi hana mkia.

Hakimu akavaa miwani. Akaivua. "Bwana Chui, njoo utuonyeshe."

Chui akamzunguka Pimbi mara moja. Akamzunguka mara ya pili.

"Labda aliuazima," akasema.

"Basi kamshtaki mwenye mkia." Hakimu akalitupa dai. Mhuri ukalia, gwa.

Njiani mkewe akamuuliza, "Baba Kokoto, ule mtama wa Nungu uliurudisha?"

"Hilo ni swali la Nungu, Mama Kokoto. Na Nungu hajauliza."

Kesho yake, saa mbili asubuhi, wanyama kumi na mmoja walipanga foleni dirishani kwa Kanga, kila mmoja na hati yake ya Chui, akitaka kesi ifunguliwe upya. Digidigi alikuwa wa kwanza.

Funzo lake, wasikilizaji: dawa ya deni ni kulipa.

Hadithi yangu imekoma. Anayeikana ana siku saba, aandike.