Picha ya Meli Iliyopanda Mwamba

Wapendwa, hebu niwapeleke kwenye pwani moja ya mawe matupu, zamani zile picha ilipopigwa kwenye kioo na kamera ilikuwa sanduku lenye miguu mitatu. Meli ya mizigo, inayoendeshwa kwa makaa ya mawe, ilikuwa imepanda mwamba siku ya tufani. Ilikaa pale juu, imelala ubavu.

Mpiga picha mmoja akaifuata. Huyu bwana alikuwa fundi hasa, na hamu yake ilikuwa moja tu: apate picha safi kuliko zote alizowahi kupiga, jina lake lijulikane. Lakini wakati wa kushuka kwenye mawe akateleza, puu! Vioo vyake vya kupigia picha vikavunjika, kikabaki kimoja. Kimoja, ndugu zangu!

Akawapanga mabaharia mbele ya meli, pamoja na wanakijiji waliowavuta kutoka majini.

"Nikifungua hapa," akasema, "mtu asitikisike mpaka nifunge. Ni kama muda wa kusali Baba Yetu polepole. Hata nzi akikutulia puani, mwache!"

Nahodha akajibu kwa unyonge, "Tutatulia, bwana. Furaha ya kuchezacheza tutaitoa wapi? Mchochea makaa wetu hatujamwona tangu meli ipasuke."

Akafungua. Kimya. Mambo yanakwenda vizuri. Mara mpishi wa meli macho yakamtoka pima.

"Tulieni!" akafoka mpiga picha.

Nani amsikie? Nyuma yake, kwenye mawe, mchochea makaa alikuwa anakuja akichechemea, amejifunga kanga ya mama mmoja wa kijiji cha pili aliyemwokota ufukweni. Loo! Watu waliruka, wakakimbia, nahodha akarusha kofia, mpishi akalia huku anacheka. Vigelegele mwamba mzima!

Jioni, alipokisafisha kioo kwenye dawa zake, mpiga picha akavunjika moyo. Meli imetoka vizuri, kila msumari unaonekana. Watu je? Ukungu mtupu. Akainua mkono akitupe.

Nahodha akaudaka mkono ule. "Nipe mimi, bwana. Meli imetulia kwa sababu imekufa. Hawa wa ukungu ndio wazima."

Mpiga picha akaangalia tena. Akaanza kucheka mwenyewe, kisha akachukua msumari akachora jina lake pembeni.

Sasa tuje kwetu sisi. Jumapili iliyopita aliingia humu kanisani mwenzetu tuliyekuwa tumemkatia tamaa. Nani aliinuka? Nani hata alimsogezea nafasi kwenye benchi? Tulikaa wima, nguo zimepigwa pasi, shingo hazigeuki. Tungepigwa picha siku ile, tungetoka safi kabisa. Kama ile meli.

Lakini Mungu ni mwema, leo amerudi tena. Yule pale karibu na mlango, anacheka. Wapendwa, mnangoja nini? Iharibuni picha!