Mashine ya Tembo Iliyopigiwa Simu

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana maana simu zilikuwepo, Tembo, Nyati na Kiboko walikuwa na kampuni ya kusaga unga. Mashine yao ya dizeli ilinguruma tuku-tuku-tuku! Wateja wakiisikia ndipo wanajitwisha mahindi.

Fundi wao alikuwa Bi Pimbi, mfupi kama mimi. Ndiyo maana hadithi hii naisimulia kwa maringo!

Mwaka ule dizeli iliadimika. Leo wanasaga, kesho wamefunga. Mara Mwalimu Twiga akaleta mahindi ya shule nzima. Wakishindwa kuyasaga, wateja wote watahamia kwa Fisi, mwenye kinu kingine.

"Wakubwa zangu," Pimbi akasema, "tutumie umeme wa jua. Mimi naota jua mwambani kila siku, nalijua!"

"Ebo! Linanguruma?" Tembo akauliza.

"Halingurumi."

"Basi halina nguvu! Mashine bubu nani ataiamini? Hiyo ni kamari."

"Hatari tupu!" Nyati akaitikia.

Wakubwa walipokwenda kuoga mtoni, Pimbi akaazima paneli za sola kwa shemeji yake, akazipandisha juu ya paa, akafunga mota ndogo kwenye kinu. Ule mngurumo wa mashine alikuwa ameurekodi kitambo kwenye simu. Akaiunganisha simu na spika, akaificha ndani ya injini.

Tuku-tuku-tuku! Wateja wakamiminika. Unga ukashuka shwaa! Wakubwa wakarudi mbio, vifua mbele.

"Sikieni, dizeli imefika!" Nyati akatamba. "Ya kale ni dhahabu!"

Pimbi akauma midomo asicheke.

Ghafla ngurumo ikakatika. Kimya! Lakini kinu kinazunguka, unga unashuka. Halafu ndani ya injini kukasikika krii! krii!

Tembo akaruka nyuma. "Lahaula! Mashine inapigiwa simu!"

Pimbi akaichomoa simu, akapokea. "Haloo, Mwalimu Twiga? Unga wa shule uko tayari, njoo."

Kiboko akachungulia tangi. "Kavu! Hamna hata tone!"

"Kumbe umetuchezea kamari!" Tembo akafoka.

"Hapana, bwana mkubwa. Kamari mliicheza nyinyi, kungojea dizeli isiyokuja. Mimi kabla sijafunga paneli nilitazama utabiri kwenye simu: jua wiki nzima. Nilipima."

Tembo akapepea masikio. Akautazama unga. Akaitazama simu. Kisha akacheka hadi paa likatikisika.

"Nyati," akasema, "kule mlimani hawana mashine kabisa. Tufungue ya pili?"

Na Nyati, yule yule wa hatari tupu, akapiga kwato, "Tufungue! Lakini kwanza aulizwe Bi Pimbi."

Pimbi akapita katikati yao, kidevu juu, na wakubwa wakampisha njia.

Basi shikeni hili, wanangu: anayepima kisha akathubutu hachezi kamari, kamari ni kung'ang'ania ulichozoea.