Komba na Duka la Laptopu la Fisi

Nitegeeni masikio!
— Yametegwa!
La kulia?
— Limetegwa!
La kushoto?
— Limetegwa!
Basi yashikeni vizuri, maana ngano hii ni ya masikio, na humu ndani yanakatwa.

Alikuwepo Komba. Mwili mdogo, macho makubwa, masikio makubwa zaidi. Alipenda muziki kuliko chakula, na kwenye chakula nako alikuwa hajambo. Akaomba nafasi chuo cha muziki, akapata. Ila barua ya chuo ilisema hivi: Jumatatu asubuhi kila mwanafunzi aje na laptopu ya kutengenezea muziki, na asiye nayo nafasi yake apewe mwingine. Mama yake alikuwa ameuza mabungo misimu miwili, akapata laki nne. Laki nne, hakuna ya tano. Na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Komba akazunguka sokoni. Duka la kwanza: "Milioni mbili." Akatoka. Duka la pili: "Milioni moja na nusu." Akatoka. Duka la tatu wakamwangalia juu mpaka chini, hata bei hawakumtajia. Likabaki duka moja tu, kule bondeni, duka la Fisi. Hapo muziki ulipigwa kutwa nzima, du-du-cha! du-du-cha! Na mlangoni pameandikwa: LAPTOPU ZA WANAFUNZI, BEI YA KUTUPA.

Komba akaingia. Nyuma yake mlango ukajifunga, kacha!

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba, mdogo wangu! Karibu, karibu! Una shilingi ngapi?"

Jamani, muuzaji anayeuliza una shilingi ngapi kabla hajauliza unataka nini, huyo mkimbie. Lakini Komba atakimbilia wapi, na mlango umefungwa? Akajibu, "Nina laki nne."

"Laki nne! Bahati yako. Hii hapa, ya laki nne kamili, utadhani nilikuwekea wewe."

Akaiweka mezani. Laptopu inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Rangi ya fedha, stika za dhahabu, mwanga wa buluu chini ya vitufe. Komba alipoinua macho kuishangaa, akaona ukutani. Ukutani kuna kamba, na kwenye kamba yameanikwa masikio. Makubwa, madogo, yenye manyoya, yasiyo na manyoya. Chini ya kamba kuna bango:

KILA AINGIAYE ATAJARIBU MASHINE. MASHINE IKIFIA MIKONONI MWAKO, UTAMLIPA MWENYE MASHINE MASIKIO MAWILI.

Na juu ya kabati amelala Kaa, mkataji. Kaa hulipwa kwa kila sikio analokata, na wiki hiyo alikuwa hajakata hata moja. Usingizini magando yake yanakwenda, kwacha, kwacha.

Mnamjua Kiboko? Aliingia humo na masikio mapana kama majani ya mgomba, akatoka kama mnavyomwona. Na Nyoka? Nyoka yeye alirudi mara ya pili kudai chake.

Mwanamuziki bila masikio ni nini? Chuo kingemchukua wa kazi gani? Komba akayafunika yake kwa mikono bila kujua.

"Jaribu, mdogo wangu," Fisi akasema, mate yanamtoka. "Fungua programu yako ya muziki. Fungua yote."

Komba akainama karibu na mashine, asiiguse, akategesha sikio. Muziki wa duka unapiga du-du-cha! Lakini masikio ya komba si ya mchezo. Chini ya muziki akasikia feni inahema, vuuuu. Chini ya feni akasikia diski inagonga: kwa... kwa... kwa... Akajua. Mashine hii inakufa. Itamvumilia mtu wa kuandika barua, lakini ngoma kumi zikipigwa kwa pamoja itazimika, na itazimikia mikononi mwa mtu.

Akategesha tena. Muziki wenyewe unatoka wapi? Chini ya meza. Akachungulia, akaona laptopu nyeusi, imekwaruzwa kila mahali, kitufe kimoja kimeng'oka. Inapiga muziki, inaonyesha picha za kamera ya mlangoni, inaandika hesabu za duka, vyote kwa mara moja, na feni yake inasema ssss tu.

"Na ile, Bwana Fisi?"

"Ile haiuzwi! Ile ndiyo inayonilisha. Jaribu hii."

"Hii imenipendeza," Komba akasema. "Tena naogopa mtu mwingine asije akaiwahi. Nalipa kwanza, nitajaribu baadaye."

Fisi akapepesa macho. Hajawahi kumpata mjinga wa namna hii. Pesa sasa hivi, masikio baadaye! Akazipokea laki nne, akazihesabu mara tatu, akaandika risiti: Komba, laptopu moja, imelipwa.

"Kwa hiyo ni yangu?"

"Ni yako kabisa! Sasa jaribu."

Komba akaitia risiti kwapani.

"Bwana Fisi, kabla sijajaribu, nina ombi. Sauti yako nimeisikia tangu mlangoni. Sauti nzito ile, duka kubwa hili, halafu halina wimbo wake? Ngoja nikutengenezee tangazo. Bure."

"Bure?"

"Bure."

Neno hilo Fisi hajawahi kulipita. Akauzima muziki wa duka, akakaa. Komba akamvalisha hedifoni za dukani, akashika maikrofoni kwa mikono yake miwili.

"Unaona, mikono yangu imejaa. Wewe bonyeza, mimi nitakuelekeza."

Fisi akabonyeza. Ngoma ikaingia: du! du! Diski ikasema kwa... Fisi akabonyeza. Besi ikaingia: vumm! vumm! Diski ikasema kwa-kwa... Fisi akabonyeza, akaimba: "Njooni kwa Fisi! Hi-hi-hiii!" Diski ikasema kwa-kwa-kwa. Duka lote kimya sasa, kila mtu angeisikia, ila Fisi. Hedifoni zimemziba, anajisikia mwenyewe tu, na anajipenda.

Mara akasita. Akaitazama mikono yake. Akalitazama bango.

"Hebu, mdogo wangu," akasema polepole. "Njoo ubonyeze wewe."

Komba akaulazimisha uso wake kutabasamu, akasemea ndani ya maikrofoni.

"Sawa, Bwana Fisi. Basi wewe shika maikrofoni, uisogeze kwangu. Sauti yako tuifute, tuweke yangu. Mji mzima utanisikia mimi."

"Uifute?" Fisi akaishika mashine kwa mikono miwili kama mtu anayenyang'anywa nyama. "Sauti yangu isifutwe! Iongezwe! Niwe wawili!"

"Wawili?"

"Wawili ni wachache! Niwe kumi! Niwe ishirini! Hapa kwa kuongeza wanabonyeza wapi?"

"Hapo kulia."

Fisi akabonyeza. Mafisi watano wakaimba. Akabonyeza. Mafisi kumi. Akabonyeza. Feni ikapiga kelele, vuuuuuu! Mwanga wa buluu ukapepesa. Komba amebana pumzi, mikono yake yote miwili iko juu kwenye maikrofoni. Fisi akabonyeza. Mafisi ishirini, hi-hi-hiii! Kwa-kwa-kwa-kwaaa...

Tii.

Giza kwenye kioo. Harufu ya waya ulioungua.

Juu ya kabati Kaa akafungua jicho moja, halafu la pili. "Imekufa?"

"Imekufa!" Fisi akavua hedifoni, akaruka na kumnyooshea Komba kidole. "Huyu ameiua! Kata!"

Kaa akashuka, kwacha, kwacha. Akafika mezani. Akamtazama Komba, ameshika maikrofoni. Akamtazama Fisi, mkono mmoja bado uko kwenye kibodi.

"Mashine ya nani?" Kaa akauliza.

Komba akatoa risiti. Kaa akaisoma pande zote mbili, ingawa upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Mashine ni ya Komba. Imefia mikononi mwa Fisi," akasema. "Inama, bosi."

"Una wazimu? Mimi ndiye niliyekuajiri!"

"Bango halikusema isipokuwa bosi." Na Kaa akamrukia, akambana sikio la kulia.

"Uwiii! Niache! Mdogo wangu, mwambie aniache!"

"Masikio yako sina haja nayo, Bwana Fisi," Komba akasema. "Nipe mashine hai, tumalizane."

"Chukua yoyote pale kabatini!"

"Zote nimezisikia zinagonga. Nataka ile nyeusi."

"Ile ndiyo inayonilisha!"

Kwacha. Kaa akabana kidogo tu.

"Ichukue! Ichukue, na chaja yake! Na ufunguo wa mlango huu hapa!"

Komba akaichukua, na chaja yake, akafungua mlango, akaondoka mbio, hakugeuka mpaka kwa mama yake.

Jumatatu akaingia chuoni. Wenzake wakaicheka laptopu iliyong'oka kitufe. Akafungua nyimbo arobaini kwa pamoja, ikasema ssss tu, wakanyamaza. Na kule bondeni? Duka lilibaki kimya, halina cha kupiga muziki. Kila mteja aliyeingia alisikia kabati zima linagonga, kwa, kwa, kwa, akageuza njia. Kaa naye akahamia saluni.

Funzo la ngano hii, watoto wangu, ni hili: mkienda kununua laptopu, chagueni inayong'aa. Feni msiisikilize, mabango msiyasome, risiti mzitupe. Mwenye duka akiwaambia amewawekea ninyi, mwaminini, maana wauzaji ni watu wa Mungu.

Ngano nimeitua chini, mgongo unaniuma. Aliyeipenda aibebe kwake. Asiyeipenda alale, nami naona wawili wenu mmeshalala zamani.