Msimamizi Aliyekula Sinia la Mtemi

Hivi nyinyi mnaoapa kwa jina la mtemi, mnajua ni nani aliyewatawala babu zenu? Hamjui. Basi acheni kutikisa vichwa, msikilize.

Enzi za mababu, Unyemba ilipokuwa lundo la koo zenye visasi, alizaliwa Igulu mwana wa Shimba, mjukuu wa Ng'wenda mfua vyuma. Igulu ndiye Ngao Isiyotoboka, jemadari aliyemfukuzia Mtemi Kasanda wavamizi hadi ng'ambo ya mto. Akarudi na sifa, na sifa za mtu mwingine humtia mtawala homa. Kasanda akampokonya mkuki, akamfanya msimamizi wa ikulu. "Heshima kubwa hiyo!" wakasema washauri, huku wakikonyezana. Mtikisa nyika akawa mbeba sinia, kwa kuwa ilikuwa mwiko mtemi kuonekana akila, na msimamizi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia chumbani mwake.

Kasanda akafa ghafla, hajataja mrithi, na kila mmoja wa ndugu zake wawili ana nusu ya jeshi. Igulu aliwaona akilini vijana aliowalea vitani wakichinjana wenyewe kwa wenyewe. Akamzika mtemi mle mle chumbani, akatoka na uso mkavu, akatangaza: "Mtemi amesema, atakayemwinulia nduguye mkuki si wa Unyemba!"

Wakatii. Taifa letu likazaliwa hivyo, kwa amri ya maiti.

Tangu hapo, akisema mtemi amejitenga na watu, Igulu aliingia na sinia, akaketi kando ya udongo, akala, akauliza shauri, asijibiwe. Kwa mkewe hakurudi tena, akiogopa kuweweseka usingizini. Nje, askari wake wa zamani walimpigia kelele: "Jemadari, tumbo hilo la miezi mingapi?" Naye akacheka nao, maana hakuwa na mwingine wa kucheka naye.

Kaburi la Igulu hatulijui. Siri ilipofichuka alichukua kibuyu cha maji, akaingia porini, basi. Wale ndugu walikwisha kuizoea amani hata wakaona uvivu kupigana, na mpaka leo mtemi wetu hula hadharani.

Aliyeifichua ni Mama Nkwimba, mzazi wa Kasanda. Watemi huacha masazo, watoto wa ikulu wayale kama baraka. Lakini Igulu alikuwa mtu wa kambini, aliyeionja njaa, na mkono wake haukujua kubakiza. Asubuhi moja mama yule akamsimamia mlangoni, bakuli mkononi, linang'aa.

"Igulu."

"Naam, mama."

"Watoto wanalia masazo. Mwanangu tangu nimwachishe ziwa hajamaliza chakula hata mara moja. Nani anayeramba bakuli hili?"

"Mtemi ana hamu ya kula siku hizi, mama."

"Usinifanye mtoto, baba. Mimi nimemzaa."

Ngao Isiyotoboka, ambaye hakupata kumpigia adui goti, akapiga magoti yote mawili.

"Ni mimi, mama. Mwanao amekufa. Nilimzika kwa mikono hii, nikala chakula chake, na kila neno mlilolitii lilikuwa langu."