Jina la Binti wa Kasisi Ambrosi

Hapo zamani, na msinikatize, zamani za Uingereza ya makasisi waliovaa nywele za bandia, alikuwako kasisi mmoja, Ambrosi. Parokia yake ilikuwa juu nyikani, baridi tupu na kondoo. Mwaka huo homa ilipita kijijini, akazika watu mpaka sauti ikamkauka. Akamwambia mkewe Ana, aliyekuwa mjamzito, "Mke wangu, nimeishiwa. Jumamosi tunapanda gari la farasi, na hapa sirudi tena."

Alikuwa ameshamwandikia rafiki yake wa tangu chuoni, kasisi Mathia, kwamba anauacha uchungaji. Mathia alikuwa mgonjwa kitandani, mbali huko kusini. Hata hivyo aliomba kalamu, akajibu.

Sasa, desturi ya huko ilikuwa hii: anayeandika barua halipi kitu, anayelipa ni anayeipokea, tena kwa kila karatasi. Kwa hiyo marafiki wenye huruma walibana kila kitu kwenye karatasi moja. Mathia alipoijaza yake, dada yake Dorkasi, aliyekuwa akimuuguza, akaona naye ana la kusema. Akaigeuza karatasi upande, akaandika juu ya mistari ya kaka yake, mistari ikakatana kama wavu. Aliandika nini? Kuku wake. Kabichi zake. Dawa ya kikohozi ya vitunguu na asali. Basi!

Barua ikafika kwenye nyumba ya wageni ya Bi Kezia, mjane. Ambrosi akaitwa. Akautambua mwandiko, akasema, "Sina cha kulipa. Irudishwe." Akaenda zake.

Mpanda farasi wa posta akaanza kuitia mkobani. Bi Kezia akamshika mkono. "Subiri wewe!" Akaingia jikoni, akatoka na jibini lake zima, akiba yake ya majira ya baridi, akampa. Jumamosi asubuhi akaipeleka barua mwenyewe. "Soma, bwana kasisi. Halafu uende unakotaka."

Ambrosi akakaa dirishani. Akashika mstari, ukampeleka kwenye kabichi. Akarudi mwanzo. "Ndugu yangu Ambrosi, katika maumivu yangu..." kuku anataga. Ana akaita, "Mume wangu, gari linapiga baragumu!"

"Bado kidogo."

Gari likaondoka, yeye bado anachambua. Jioni ndipo alipoyapata maneno yote ya rafiki yake: "Barua zako ndizo zilizoniinua kila nilipoanguka. Leo umeanguka wewe, niegemee mimi. Waliobaki hapo ni wachache, usiwaache." Akalia. Akamwambia Ana, "Fungua mizigo."

Gari lile lilizikwa na theluji nyikani. Abiria waliopolewa nusu wafu, vidole vimeganda. Ana aliposikia, akashika tumbo lake, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje.

Baridi ilipokwisha akazaliwa msichana. Mathia alikuwa amepona, akaja ubatizoni pamoja na Dorkasi. Na parokia ile mtoto hupewa jina moja tu. Ambrosi akawatazama wageni wake, machozi yanamlenga. "Nyote nawashukuru, na sijui nianzie wapi. Jina hili ndiyo shukrani yangu. Nimpe nani?"

Bi Kezia akasema, "Mimi sioni haya, nalitaka. Ulimzika mume wangu ukilia kama nduguye, nikakulipa kwa jibini langu. Nilikula uji mtupu mpaka Pasaka. Bila mimi barua ingerudi kusini. Mwite Kezia."

Dorkasi akacheka. "Na bila kabichi zangu? Kichwa chako kilishageukia safari, Ambrosi. Ungeisoma mara moja, ungeitia mfukoni, ungepanda gari. Sikukusudia, nakubali. Lakini mwandiko wangu ndio uliokuweka dirishani. Mwite Dorkasi."

Mathia akamwangalia dada yake. "Mtu gani ashinde dirishani mchana kutwa kwa ajili ya kabichi? Alikuwa ananitafuta mimi. Tena gari jingine lilipita wiki iliyofuata, mbona hakupanda? Maneno yangu yalimzuia, na niliyaandika nikidhani ni ya mwisho. Mwite Yudithi, jina la marehemu mke wangu. Sikujaliwa mtoto wa kumpa."

 Ana akamfunika mtoto vizuri, akambusu Bi Kezia, akambusu Dorkasi, akaushika mkono wa Mathia, wakaingia kanisani.

Ambrosi akampokea binti yake kwenye birika la ubatizo. Akasema kama alivyowaambia wengine miaka yote, "Tajeni jina la mtoto huyu." Watatu wakafumbua vinywa kwa pamoja.

Mimi nanyamaza, sitaki ugomvi na Bi Kezia. Maji yako tayari na mtoto analia. Haya, semeni nyinyi: aliyeyaandika maneno, aliyeyavuruga, au aliyeyakomboa kwa chakula chake? Je, nani alistahili jina lile?