Namba ya Siri ya Mama Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mikeka na simu za mkononi, Mama Kiboko alikuwa na jirani aitwaye Mama Nyati. Mama Nyati alilipia filamu kila mwezi, na kila alasiri watoto wa mtaa walijaa sebuleni kwake, wakiwemo wa Mama Kiboko.

Jambo hilo lilimchoma Mama Kiboko. Akipepeta mpunga uani, alisikia vicheko, kwa-kwa-kwa, na katikati yake akaitambua sauti ya mwanawe, Shavu.

"Mbona hapa nyumbani huchekagi hivyo?" alimwuliza aliporudi kula.

"Hapa hakuna filamu, mama. Halafu Mama Nyati anatukaangia karanga."

Karanga tena. Mwiko ukamponyoka Mama Kiboko.

Kesho yake akapita Kicheche, mdogo wa mwili, mwepesi wa ulimi.

"Dada, mbona uso umevimba?"

"Uso wangu ndivyo ulivyo."

"Huo ni uvimbe wa filamu za jirani. Yule analipa kwa sababu hajui. Mimi najua tovuti ya bure. Zimo hata ambazo yeye hajaziona."

Moyo wa Mama Kiboko ukaruka, pu. "Hajaziona kabisa?"

"Hajazinusa."

Kicheche akamfungulia tovuti. Matangazo yakaruka usoni mwa simu, pa, pa, pa: umeshinda zawadi, bonyeza hapa. Mwisho yakatokea maneno haya: Andika namba yako ya siri, tujue wewe ni mtu mzima.

"Mama," Shavu akasema, "kwa Mama Nyati hawaulizi hivyo."

Hilo halikuwa jina la kutaja saa ile. Mama Kiboko akaandika. Alikuwa na namba moja tu kwa kila kitu: simu, sanduku la kanga, hata kufuli la ghala lenye mbegu za mpunga.

Filamu ikaanza. Mtaa mzima ukahamia kwake. Mama Kiboko akakaanga karanga, akaongeza sauti mpaka kuta zikatetemeka, ili jirani asikie vizuri.

Kicheche peke yake hakuwepo mkekani. Tovuti ile aliitengeneza mwenyewe, na namba ilikuwa imeshamfikia. Kufuli la ghala likalia, ka, lakini kelele za filamu zikaimeza sauti hiyo.

Mvua za kupandia zilipoanza, Mama Kiboko akafungua ghala. Hakukuta hata punje, ila nyayo ndogo ndogo za Kicheche kwenye vumbi. Kicheche mwenyewe alikuwa ameshahama mtaa.

Shamba haliwezi kusubiri. Mama Kiboko akachukua ungo, akaenda kupiga hodi kwa Mama Nyati.

Mama Nyati akaujaza ungo mbegu, wala hakumwuliza kitu. "Kaa kidogo, dada. Filamu ndiyo inaanza."

Mama Kiboko akakaa pembeni ya mkeka. Bakuli la karanga likamfikia, akatafuna. Zilikuwa tamu kuliko zake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Hadithi yangu naikunja hapa, wanangu: cha bure kikikuomba namba yako ya siri, ujue si cha bure.